Baba aliniuliza kama nawajua mama zao

Siku nilipoingiza mitamba watano kwenye zizi la nyumbani, baba hakusifu nundu wala ngozi. Alizunguka boma mara mbili, fimbo kwapani, akasimama kwenye kivuli cha mbuyu na kuuliza: "Mama zao unawajua?"

Nilicheka. Nikamwambia, "Baba, mnadani watu hawaji na mama wa ng'ombe." Yeye hakucheka. Alisema tu, "Haya, mwanangu," na mtu aliyelelewa na mzee wa Kigogo anajua kwamba hiyo "haya" ina mlango wa nyuma.

Ilikuwa Januari 2021. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, shule ya sekondari upande wa Kongwa, na nyumbani kwetu ni Mpwapwa, chini ya milima ya Kiboriani, ambako mvua inapendelea kidogo kuliko kwingine Dodoma. Mkopo wa SACCOS ulikuwa umetoka. Nilinunua chotara wawili wa Friesian, ng'ombe wa maziwa wa kizungu, kutoka kwa mfugaji wa nyanda za kaskazini, na ng'ombe watatu wa Kigogo kutoka nyika kavu ya magharibi mwa mkoa. Hesabu zangu zilikuwa safi kwenye karatasi: chotara watanipa maziwa, wa Kigogo watanipa usalama. Wale wa kisasa wakiumwa, hawa wa kwetu watasimama, kwa sababu wa kwetu ni wagumu. Ndivyo tunavyosema sote, na mimi nilikuwa nikilisema darasani kabisa, mbele ya watoto, kama sheria ya Newton.

Mvua ilikuwa imeshika. Majani yalifika magotini, na masikio ya ng'ombe yalijaa kupe. Josho la kijiji chetu lilikuwa limekauka siku nyingi, mna mchanga na mbuzi wanaopumzika humo mchana. Nilikuwa nanyunyizia dawa kwa bomba la mgongoni, nikikumbuka. Sikukumbuka kila wiki.

Karibu wiki ya tatu, chotara mkubwa aliamka amelegea. Sikio moja limelala, na chini yake tezi imevimba kama yai la kuku. Nilimpima joto: 41.2. Nikaenda duka la dawa za mifugo, nikaeleza, kijana wa dukani akanipa oksitetrasaiklini, nami nikamchoma siku tatu mfululizo kwa kujiamini kwa mtu mwenye shahada. Dawa ile inasaidia sana ndigana baridi. Hii ilikuwa ndigana kali, ugonjwa mwingine wa kupe. Majina yanafanana, lakini hivyo ni vimelea viwili visivyohusiana hata kidogo, na kosa hilo nimeliona likifanywa na watu wengi baada yangu, kwa hiyo siandiki kujitesa peke yangu. Siku ya tisa alianza kutoa povu puani. Alikufa alfajiri, shingo imenyooka, mapafu yamejaa maji.

Wa pili alipovimba tezi, nilimwita daktari wa mifugo. Alifika na pikipiki, sanduku limefungwa kwa mpira nyuma. Hakuandika dawa. Alichukua sindano, akaichoma kwenye ile tezi, akavuta kitone kisichofikia hata tone, akakipaka kwenye kioo na kukipeperusha kikauke.

"Hadubini yangu imeharibika," alisema. "Shuleni kwenu ipo?"

Ilikuwepo. Tulikuwa na mbili nzima, na moja ilikuwa na lenzi ya mafuta ambayo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuruhusiwa kuigusa. Ilikuwa Jumamosi. Tukafungua maabara, akakaza sampuli kwa methanoli, akaipaka rangi ya Giemsa, tukangoja huku tunakula karanga. Kisha akatazama muda mrefu, akajitoa kwenye kiti. "Tazama, Mwalimu."

Niliona limfosaiti, aina ya seli nyeupe ya damu, kubwa, kiini cha zambarau, na uji wa seli wa bluu. Pembeni ya kiini, humo humo ndani ya uji, kulikuwa na kishada cha vitone vyekundu vyekundu, kama mtu amenyunyizia punje za ulezi. Nikasogeza kioo. Seli nyingine, kishada kingine. Nyingine tena.

"Hao ndio vimelea vya ndigana kali. Theileria parva."

Miaka kumi na moja nilikuwa nimefundisha kidato cha pili kwamba seli nyeupe ni askari wa mwili. Nilikuwa na mchoro wangu maarufu ubaoni: askari ana kofia, ana rungu, adui anakimbia. Sikuwahi kumchora adui akiwa amepanga chumba tumboni mwa askari.

Daktari alinieleza pale pale, akitumia maganda ya karanga juu ya meza. Kupe wa kahawia anayependa masikio hubeba vimelea kwenye tezi za mate. Anapouma, huchukua siku kadhaa vimelea kukomaa, na ndiyo maana kumwondoa kupe mapema kuna maana. Vikishamwagwa, huingia ndani ya limfosaiti kwa dakika chache tu. Vimelea vingine vinavyoingia kwenye seli hukaa ndani ya kifuko. Huyu huyeyusha utando uliomfunika, akabaki uchi kwenye uji wa seli. Baada ya hapo huishika seli masikio. Limfosaiti ya kawaida hugawanyika ikipewa amri na huacha ikiambiwa acha. Iliyoshikwa na Theileria haisikii tena amri ya kuacha. Inagawanyika, inagawanyika, na inapogawanyika kimelea hujifunga kwenye nyuzi zile zile zinazovuta kromosomu, naye akagawanywa pamoja nazo. Kila askari mpya anazaliwa akiwa na adui tayari ndani.

"Ni kama saratani," nilisema.

"Ni kama saratani, ila ukiua kimelea, seli inaacha. Ndiyo maana dawa ya buparvakwoni inafanya kazi ukiwahi. Ukichelewa, unaua kimelea kwenye ng'ombe ambaye mapafu yake yameshajaa."

Tulimchoma chotara yule wa pili jioni hiyo hiyo. Alipona, ingawa alipoteza nyama kiasi kwamba baba alimwita kitanda cha kamba.

Ningekuwa nimeishia hapo, somo langu lingekuwa la kawaida: nyunyizia dawa, wahi tiba. Lakini wiki iliyofuata waliumwa wawili kati ya wale watatu wa Kigogo. Mmoja alikufa kabla dawa haijafika. Mwingine alitibiwa akabaki na ukungu kwenye jicho la kushoto. Wa tatu hakuumwa kabisa, na mpaka leo sina maelezo yake zaidi ya bahati ya kupe.

Na hili ndilo lililoninyima usingizi: kwenye zizi la baba, mita chache tu, ndama wawili wa ng'ombe wake wa siku zote walivimba tezi majuma yale yale. Joto lilipanda hadi 40 na kidogo. Waliacha kucheza, wakasimama kivulini siku nne tano wakiwa wameinamisha vichwa, kisha wakarudi kunyonya. Hakuna aliyewachoma sindano. Mama yangu hakujua hata kama waliumwa.

Nundu ile ile. Ngozi ile ile. Mtu wa Dar es Salaam asingeweza kuwatofautisha.

Nilimpigia daktari nikiwa na hasira kama vile yeye ndiye aliyeuza. "Si ulisema Zebu, hawa wa kwetu wenye nundu, wanahimili?"

"Mimi sikusema hivyo, Mwalimu. Wewe ndiye ulisema."

Kweli.

Alinipa maelezo mawili, akanionya nisiyachanganye. La kwanza ni la kuzoea. Ndama anayezaliwa mahali penye kupe wa ndigana huumwa mapema, akiwa mdogo, na akipona hubaki na kinga. Ng'ombe mzima aliyekulia mahali pakavu pasipo kupe huyo huletwa hapa akiwa hajawahi kukutana na adui, na hapo umri haumsaidii. Mfugaji aliyeniuzia wale watatu aliniambia kwa fahari kwamba zizini kwake hajawahi kuona ndigana. Nililisikia kama sifa. Lilikuwa onyo.

La pili ni la ukoo. Mahali ambapo ugonjwa umekuwepo vizazi na vizazi, ng'ombe ambao seli zao zinazidiwa kirahisi walikufa kabla ya kuzaa, na waliobaki ndio waliozaa. Mahali pasipo ugonjwa, chujio hilo halikupita. Wataalamu wa mifugo wamelijua kwa muda mrefu: Zebu waliotoka maeneo yasiyo na ndigana kali wakipelekwa penye ndigana hufa karibu kama wa kizungu. Nundu ni ya mababu wa Asia, imepita bara zima. Chujio la ndigana ni la mahali. Mimi nilinunua nundu nikadhani nimenunua chujio.

"Sasa kwa ndama wa baba yako," daktari aliniuliza, "ni kuzoea au ni ukoo?"

Nikanyamaza. Ndama wa miezi mitatu, aliyezaliwa palepale, mama na bibi wa palepale. Yote mawili yamo.

Kuna kisa kimoja cha historia ambacho huwa nakisimulia sasa kwa sababu kinatuhusu na hatukijui. Ugonjwa huu kwa Kiingereza unaitwa homa ya pwani ya mashariki, na pwani hiyo ni hii yetu. Baada ya sotoka ya mwaka 1896 kuua ng'ombe kusini mwa Afrika, walowezi walitafuta mifugo ya kujaza mazizi. Ng'ombe wengine walipakiwa melini kutoka pwani ya Afrika Mashariki, wakashushwa Beira, Msumbiji, na kupelekwa Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo. Miaka ya 1901 na 1902 ng'ombe wa kule wakaanza kufa kwa makundi. Daktari Mjerumani Robert Koch, ambaye mwaka 1897 alikuwa Dar es Salaam na aliona vimelea vidogo kwenye damu ya ng'ombe wa hapa, alikuwa amedhani ni ugonjwa mwingine. Unaweza kuelewa kwa nini. Ng'ombe wa pwani alikuwa na kimelea damuni, amesimama anatafuna majani. Alikuwa amekibeba tu, haugui. Kimelea kile kile kilipoingia kwa ng'ombe wasio na historia nacho, kiliangusha zizi zima. Vile vishada ndani ya limfosaiti, nilivyoviona Jumamosi ile, vitabuni vinaitwa miili ya bluu ya Koch. Jenasi yenyewe ilipewa jina la Arnold Theiler, daktari wa mifugo wa Uswisi aliyefanya kazi Afrika Kusini.

Darasani nilijaribu kuwa mwerevu. Nilifundisha kidato cha tatu kuhusu selimundu, ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu: kwamba mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison alionyesha kuwa mtu mwenye jeni moja ya selimundu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, na mwenye jeni mbili huugua selimundu yenyewe. Mtoto wa dada yangu ana jeni mbili, kwa hiyo hili sifundishi kutoka kitabuni tu. Nimelala naye wodini. Nikamalizia kwa madaha: "Mnaona, kama vile ndigana, ukoo wa mwenye mwili unaamua kimelea kitafanya nini."

Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, seli nyekundu si askari. Wewe umesema ndigana inaingia kwa askari."

Alikuwa sahihi. Theileria baadaye huingia pia kwenye seli nyekundu, na huko ndiko kupe anakoichukua, lakini mauaji hufanyika kwenye limfosaiti. Mfano wangu ulikuwa wa nyumba nyingine. Nilimwambia nitarudi na jibu, na ilinichukua wiki mbili za intaneti ya simu.

Nilirudi na panya. Panya wa maabara wa koo fulani wakiambukizwa leishimania, kimelea kinachokaa ndani ya makrofaji, yaani zile seli nyeupe zinazomeza wadudu, vimelea huongezeka haraka kwenye ini na wengu. Koo nyingine huvidhibiti. Watafiti waligundua kwamba tofauti hiyo inarithiwa kama jeni moja, na ajabu ni kwamba jeni hiyo hiyo iliamua pia kama panya atashindwa na salmonela na bakteria wa jamii ya kifua kikuu. Mwaka 1993 jeni yenyewe ilipatikana, huko Montreal. Inatengeneza pampu iliyoko kwenye kifuko ambamo makrofaji huweka kile alichomeza. Pampu huondoa chuma na manganizi humo ndani, kimelea kikakosa madini kinayoyahitaji ili kuishi. Kwa panya wanaoshindwa, herufi moja tu imebadilika, na pampu haifanyi kazi. Kimelea kimefungiwa ghala, na ghala limejaa.

Binti alisikiliza, akaandika, akauliza: "Na ng'ombe wa baba yako wana pampu?"

Huenda wana kitu kingine, na hicho nilikipata mwaka 2022. Nairobi, kwenye taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, kulikuwa na ukoo wa ng'ombe aina ya Boran waliotokana na dume mmoja ambaye watoto wake walionekana kuhimili ndigana kali. Watafiti wa huko na wenzao wa Edinburgh walifuatilia nasaba hiyo, wakabana eneo fulani kwenye kromosomu ya 15, na humo wakakuta badiliko kwenye jeni iitwayo FAF1B. Badiliko hilo linaikata protini njiani, haimaliziki. Ng'ombe 20 walikuwa wamerithi badiliko hilo kwa baba na kwa mama, alikufa mmoja. Kati ya 97 ambao hawakulirithi kabisa, walikufa 44. Jeni hiyo ni ndugu wa jeni nyingine inayohusika na seli kujiua yenyewe inapoharibika, jambo ambalo mtu akilisoma huku anakumbuka seli isiyojua kuacha, nywele zinamsimama.

Nilisoma hesabu hiyo usiku, umeme umekatika, tochi mdomoni. Niliirudia mara kadhaa. Angalia pia upande wa pili: katika wale 97, 53 walipona bila badiliko hilo. Kwa hiyo hata hapo jeni moja haisemi yote.

Lakini lililonibadilisha kichwa ni kazi nyingine ya mwaka mmoja kabla, ya ukoo huo huo. Walichukua limfosaiti za ng'ombe wahimilivu na za ng'ombe wa kawaida, wakaziambukiza kwenye vyombo vya maabara. Kimelea kiliingia kwa wote, hata wahimilivu. Tofauti ilikuja baadaye: seli zilizoambukizwa za ng'ombe wahimilivu hazikuongezeka kwa kasi ile. Ziligawanyika kwa muda, kisha zikapungua nguvu.

Mimi miaka yote nilifikiri ng'ombe mgumu ni yule ambaye ugonjwa haumwingii. Wazee wetu wenyewe tunawasikia wakisema "huyu haingiliwi." Ndama wa baba waliingiliwa. Tezi zilivimba, joto lilipanda, nilimpima mmoja kwa mkono wangu. Huenda tofauti yao na mtamba wangu aliyekufa ilikuwa mgawanyiko wa seli uliokoma mapema, mwili ukapata nafasi ya kupumua na askari wengine wakapata muda wa kuwatambua wenzao waliotekwa na kuwaua. Nasema huenda kwa sababu hakuna aliyepima damu ya ndama wa baba. Wanaweza kuwa na jeni nyingine kabisa, au kuzoea tu.

Nikaanza daftari. Hesabu ya kila ng'ombe, mama yake, dume aliyempanda kama anajulikana, siku tezi ilipovimba, joto, alichochomwa, matokeo. Nilidhani nitaanza na ukurasa mtupu, kumbe kitabu kipo tayari na kinatembea kwa fimbo. Nilikaa na baba jioni tatu, ugali wa uwele na mlenda katikati yetu, akanitajia. Huyu ni wa Madoa. Madoa ni wa yule mweusi tuliyempata kwa mahari ya shangazi yako. Yule mweusi alikuwa na dada yake, ndama zake wote walikuwa wanakufa kila masika, tukaacha kumzalisha, tukamuuza. Dume tulimkopa kwa mjomba wako, kwa sababu wa kwake walibaki ule mwaka ambao wa watu wengine waliisha.

Hakuwahi kusema neno vinasaba. Alikuwa akifanya kazi ya chujio kwa mikono miaka hamsini, na mimi nilienda mnadani na mkopo.

Sitaki kumfanya malaika. Baba pia aliamini kwamba ndigana ya mwaka fulani ililetwa na jicho la jirani, na aligomea chanjo misimu miwili. Chanjo ya ndigana kali ni kitu cha ajabu kidogo na siwalaumu wanaoiogopa: unamchoma ng'ombe vimelea hai, upande mmoja, na oksitetrasaiklini ya muda mrefu upande mwingine, wakati huo huo, ili augue kidogo tu na kubaki na kinga. Mchanganyiko wake una asili tatu, na unaitwa Muguga kwa jina la mahali Kenya ulikotengenezwa. Husafirishwa kwenye mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, na mrija ukishayeyushwa unatumika siku hiyo hiyo, kwa hiyo lazima majirani mjikusanye, mchange, mfunge ndama wote asubuhi moja. Kuwakutanisha wafugaji kumi na wawili kwa saa moja ni kazi ngumu kuliko sayansi yenyewe. Tulifanikiwa mara ya pili. Mara ya kwanza nusu yao walikwenda msibani. Baada ya chanjo ndama hupigwa hereni sikioni, na baba alipoona hereni aliuliza kama sasa ndama wataolewa.

Mwishowe alikubali kwa sababu yake mwenyewe. Alisema: "Hii sindano ndiyo kile kupe wanachofanya, ila nyinyi mnachagua siku." Daktari alicheka mpaka akaketi. Sijasikia maelezo mafupi zaidi ya chanjo ile.

Kuna ugomvi mmoja bado haujaisha. Ng'ombe wa ukoo wa Madoa wanatoa lita moja na nusu, mbili wakishiba pumba na mashudu ya alizeti. Chotara wangu aliyepona, yule kitanda cha kamba, alinenepa na sasa ananipa nane. Ada ya watoto inalipwa na chotara, hailipwi na ukoo. Hapa Mpwapwa kituo cha utafiti wa mifugo kilihangaika na swali hili hili muda mrefu kabla sijazaliwa, wakachanganya Sahiwal na Red Sindhi wa Asia, Zebu wa hapa, Boran na kidogo ya Ayrshire, wakapata ng'ombe anayeitwa Mpwapwa, wa maziwa na nyama kwa nchi kavu. Kwa hiyo najua kwamba kuchanganya kunawezekana. Najua pia kwamba kila ninapomhimilisha binti wa Madoa kwa mbegu ya Friesian ninakata nusu ya kile baba alichokusanya, na sina kipimo cha kuniambia nusu ipi imeondoka.

Oktoba iliyopita ndama dume wa mwisho wa Madoa alifikisha mwaka na nusu. Ni kiumbe asiye na sura: pembe moja inatazama Kongwa na nyingine inatazama Dodoma mjini, nundu ndogo, mgongo umebonyea. Nilikuwa nimepanga ahasiwe awe maksai, nimeshaongea na mwenye burdizo na nauli yake nimeshamtumia. Usiku nikafungua daftari. Ndugu zake wanne wa mama mmoja, wote walivimba tezi, wote walipona, hakuna hata mmoja aliyechomwa buparvakwoni. Yeye mwenyewe alivimba akiwa na miezi minne, 40.4, siku tatu. Ng'ombe wanne si ushahidi, ningemnyima alama mwanafunzi anayeniletea hitimisho kwa sampuli hiyo.

Asubuhi nilimpigia mwenye burdizo nikamwambia asije, na nauli abaki nayo. Jirani aliyenisikia alikuja kumtazama dume lenyewe juu ya ua, akatazama zile pembe, akaniuliza kama nina homa. Jioni yake akarudi na jike wake kwa kamba, akauliza kama ni bure.

Baba alikuwa amekaa pale pale kivulini. "Muulize kwanza," alisema, "mama wa huyo jike anamjua?"